Rangi Nne za Kisima Kikavu

Kwa shahada yangu ya uzamili ninachunguza jinsi wahandisi wanavyoandika, na mwaka huu ni zamu ya ripoti za visima vya Kajiado. Katika chumba nilichokodi Kitengela napaka sentensi rangi: njano kwa lengo, kijani kwa mbinu, buluu kwa matokeo, nyekundu kwa mapendekezo. Ripoti ya kisima kimoja kikavu karibu na Ewuaso Kedong ina rangi zote nne, lakini haina mtu hata mmoja. “Uchimbaji ulisitishwa.” Nani aliusitisha? Nani alikuwa amesimama pale akisubiri maji? Msimamizi wangu alisema aina hii ya maandishi haina nafasi ya maswali hayo.

Kila Jumapili, akitoka kanisani, mama hunipigia kutoka nyumbani Kakamega. Siku moja niligundua kwamba hata sisi tuna mpangilio wetu: salamu, afya, mvua, kwaheri. Hapakuwa na mahali pa kusema kwamba wiki nzima sijaongea na mtu ila muuza maziwa.

Jumapili iliyopita, mama alipofika kwenye habari za mvua, nilimkatiza.

“Mama, huku niko na upweke.”

Nikasikia akifunga mlango wa jikoni.

“Ni wa kukosa watu, ama kuna msichana amekuacha?”

“Sijui, mama.”

“Masomo yote hayo, na hujui.” Akacheka kidogo, kisha akavuta kiti. “Haya, sina haraka. Anzia popote.”

Nilikaa kitandani na simu sikioni, nikitafuta pa kuanzia.