Majani ya Msiba kwenye Gari la Mama

Nilikata matawi ya mwarobaini, nikayafunga kwenye shoo, pale mbele ya gari la mama, nikawasha taa za hazadi, nikaingia barabarani kama mtu anayesindikiza maiti. Hakuna aliyekuwa amekufa. Aliyelala kiti cha nyuma, amefunikwa shuka jeupe hadi usoni, alikuwa bibi yangu, mzima kabisa, anatafuna karanga.

Nimelisema hili mapema ili usije ukadai nimekuficha. Nilichofanya ni upumbavu. Lakini sababu iliyonifanya nikifanye si upumbavu, na hata leo nitabishana na yeyote kuhusu hilo, akiwemo trafiki mwenye filimbi.

Nina miaka kumi na nane, nasoma kidato cha sita, nina leseni ya kujifunza udereva na kibandiko cha L nyuma ya gari. Mwalimu wangu wa udereva alinifundisha kipilefti kwa visoda juu ya meza. Aliyemo ndani ya mzunguko ndiye mwenye njia. Wewe unayeingia subiri, mpishe anayetoka kulia kwako. Nikakariri, nikaulizwa, nikapata zote. Kisha nikaenda kwenye kipilefti chenyewe na kugundua kuwa mwalimu hakuweka shangingi hata moja kwenye ile meza.

Shangingi, lile gari refu la wakubwa, halisubiri mtu. Linaingia tu, vioo vyeusi, dereva hata shingo hageuzi. Siku moja nilikuwa ndani ya mzunguko tayari, likanijia ubavuni na honi juu. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, maana yeye ndiye mwenye leseni kamili.

"Simama, baba, mpishe."

"Mama, mimi ndiye niliyemo ndani."

"Na yeye ndiye mkubwa. Simama."

Nikasimama. Bodaboda wa nyuma akanitukana mimi, mwenye haki. Lile shangingi hakulisemesha neno.

Ila kuna kitu kimoja ambacho mashangingi yote ya Dodoma yanakiheshimu: msiba. Magari yakipita yamefungwa majani mbele, taa zinawaka, mji mzima unasogea pembeni. Nikajiuliza, kama mtu aliye hai na mwenye haki hapishwi, na maiti asiyekuwa na haraka yoyote anapishwa, mjinga ni nani hapo?

Na sisi tulikuwa na haraka. Bibi alikuwa ameletwa kutoka kijijini Busi, macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Daktari wa upasuaji huja kwa vipindi, anapasua siku chache, anaondoka. Bibi alipangiwa asubuhi ile, saa mbili kamili. Muuguzi alimwambia mama kwenye simu bila kuzunguka: jina likiitwa asiwepo, nafasi inakwenda kwa mwingine, naye atasubiri daktari arudi. Bibi mwenyewe alisema hataki makubwa. Anataka tu ahakikishe kama kweli nimeota ndevu au najisifu tu.

Tunakaa Msalato, na asubuhi kuingia mjini ni vita. Mama alimtoa bibi ndani akamlaza kiti cha nyuma, akamfunika uso kwa sababu mwanga unamuumiza, kisha akaingia upande wake. Mbele ya gari hakufika. Nilikuwa nimeligeuzia pua kwenye ua makusudi.

"Mbona hiyo inalia tik tik tik?" akauliza tulipotoka.

"Hazadi, mama. Natahadharisha wenzangu kwamba najifunza."

Barabara ikafunguka kama pazia. Malori yakasogea. Bajaji zikapanda ukingoni. Shangingi moja jeusi lilisimama kabisa, dereva akavua miwani ya jua, akainamisha kichwa. Nami nikaitikia kwa huzuni.

"Leo watu wana adabu," mama akasema.

"Nchi inabadilika, mama."

Nakiri nilifurahi. Kupishwa kutamu. Nilielewa kwa nini wakubwa hawataki kuiacha raha hiyo.

Tukafika kipilefti. Trafiki amesimama katikati, amezuia pande zote, na kutoka kulia kwangu unakuja msafara wa msiba, wa kweli: pikapu yenye jeneza, magari matatu, na basi dogo la waombolezaji, yote yana majani. Nikasimama kwa heshima zote, maana hao walikuwa na njia mara mbili, kwa kulia kwao na kwa kufiwa kwao. Trafiki akanitazama. Akatazama matawi yangu. Akaliinulia mkono basi dogo lisimame, akapuliza filimbi, akanipungia niingie mbele ya basi hilo. Alidhani nimepotezana na wenzangu.

Sasa, hilo nalo nilifundishwa: mkono wa trafiki unashinda alama yoyote barabarani. Nikaingia.

"Hawa wana msiba," mama akasema. "Mbona tumo katikati yao?"

Gari la mbele yetu lilikuwa na kioo kikubwa cha nyuma, kinang'aa, na ndani yake gari letu lilionekana vizuri sana, limevaa mwarobaini kama bibi harusi. Mama alikitazama kile kioo muda mrefu.

"Hospitali ni kushoto hapo," nikasema. "Nachomoka."

"Usichomoke."

"Mama, bibi anachelewa."

"Tazama nyuma. Basi linakufuata wewe, si jeneza. Ukikata kona, na wao wanakata. Unataka kuwapeleka wafiwa wodini?"

Nikawasha indiketa ya kushoto kujaribu. Dereva wa basi naye akawasha ya kushoto. Nikazima.

Tulikwenda mwendo wa jeneza mpaka makaburini. Huko kijana mmoja wa msibani akatupanga, magari mengine yakatuziba nyuma. Mama akashuka, akafungua matawi moja moja mbele za watu, hakutupa hata jani chini, akayaweka miguuni kwangu. Kisha akaenda kuwapa pole wenye msiba. Sijui aliwaambia nini. Bibi aliuliza kilichotokea, nikamweleza kwa kunong'ona. Hakucheka. Akaniuliza marehemu ni mwanamke au mwanamume. Nikamwambia sijui.

Tulifika hospitali saa nne kasorobo. Muuguzi akasema jina liliitwa mara tatu. Aliyepewa nafasi alikuwa mzee mmoja mwenye kanzu, keshatoka, jicho limefunikwa kitambaa, anapapasa ukuta na anatabasamu. Nikaanza kumbishia muuguzi kwamba tulikuwa na miadi, kwamba haki ni haki, waliobaki wampishe bibi. Mama alinivuta shati. Siku ile ilikuwa ya mwisho ya daktari, na waliobaki kwenye benchi walikuwa wamewahi.

Nilikosea, sawa. Nilikopa heshima ya maiti wa watu. Lakini siwezi kusema kwamba nilianza mimi. Kama alama ile ya pembetatu ya kumpisha mwenzio ingekuwa inafanya kazi kwa gari lenye L kama inavyofanya kwa vioo vyeusi, mwarobaini wetu ungekuwa na matawi yake yote, na bibi angekuwa anazihesabu ndevu zangu. Hayo yote nilimweleza mama jioni, nikiwa nimesimama, kwa hoja tatu nilizozipanga vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anamenya viazi. Kisha akasema hivi:

"Bibi yako harudi Busi. Atalala chumbani kwako mpaka daktari aje tena, wewe utalala sebuleni, na akitaka kwenda popote, hata chooni, unamshika mkono unampeleka. Leseni yako nakaa nayo mimi, utaichukua siku bibi atakapoweza kuitazama na kuniambia picha iliyomo ni ya nani."