Vidole vya Mama Havisomi

Mama yangu ana vidole kumi, na benki ilisema haikitambui hata kimoja. Naanzia hapo kwa sababu kila nikijaribu kuisimulia habari hii kwa utulivu, kama mtu mstaarabu, hasira hunirudisha kwenye ile mashine ndogo nyeusi, mkono wa mama ukiwa juu yake, ukigeuzwageuzwa kama muhogo unaokaguliwa sokoni.

Mama ni mfinyanzi. Kijiji chetu hakiko mbali na Kiomboi, na wakati nakua chungu hakikununuliwa kwa hela. Aliyekitaka alikijaza mtama mpaka ukingoni, akaumwaga ule mtama kwenye ungo wa mama, akaondoka na chungu chake. Kikubwa kilikuwa na bei kubwa, kidogo bei ndogo, na hakuna aliyebishana. Kwa mtama huo mama alipata mbuzi, na kwa mbuzi akapata ng'ombe. Baba alipofariki, ndugu zake waligawana mifugo yake mbele yetu, lakini ng'ombe watatu wa mama hawakuguswa. Kijiji kizima kilijua wametoka kwenye mikono yake.

Juzijuzi malisho yalipokauka, akawauza wote watatu mnadani. Hela akaitia ndani ya chungu, chungu akakifukia kwenye mtama, kisha mimi, niliyekuja likizo kutoka Singida mjini ninakofundisha, nikanong'onezwa habari hiyo jikoni. Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka hela ile ikae mahali penye jina lake.

Asiyetujua atauliza, kwani ingekaa kwa jina la nani? Ingekaa kwa jina la kaka yangu. Miaka michache nyuma mama aliuza dume, kaka akamwambia, "Lete mama, nikutunzie," akaiweka hela kwenye simu yake. Kila alipoulizwa alijibu kwamba ipo. Ilikuwepo hivyo hivyo mpaka siku alipoingia uani na pikipiki mpya. Mama hakusema neno, alimsongea ugali akala. Mimi ndiye niliyesema, na kwa kusema kwangu nikaitwa mtoto wa kike anayegombea urithi wa mtu aliye hai.

Sasa palikuwa na sehemu mbili za kuchagua. Kulikuwa na saccos ya kijiji, ambayo ofisi yake ni chumba kimoja jirani na mashine ya kukamua alizeti, na kulikuwa na benki mjini Kiomboi. Mama alitaka saccos. Ni karibu, alisema, atakwenda kwa miguu, na pale wanamjua. Nikamcheka. Nilimwambia kujuana ndiko kunakomaliza hela za watu. Nilimkumbusha kwamba ofisi ile ina kufuli moja, na kwamba mwenyekiti wake ni mzee anayecheka kupita kiasi na anayekula sikukuu zote kwa kaka. Tena nani angemuuliza? Kwetu ukishamwamkia mzee shikamoo, naye akakuitikia marahaba, kumgeukia papo hapo na kumuuliza hela za watu ziko wapi ni kukosa adabu mbele ya kijiji. Benki haina haya hizo, nilimwambia. Benki haijali nani ni mtoto wa nani. Nilijiona nina akili sana.

Jioni kabla ya safari niliitazama mikono yake. Udongo ulikuwa umejaa kwenye kucha na kwenye mikunjo yote. Nikamwambia, "Mama, uoshe mikono vizuri. Kule benki ni watu wasafi." Neno kwa neno, ndivyo nilivyosema.

Tulikwenda kwa bodaboda mbili, mama amevaa kitenge chake cha kanisani. Binti wa kaunta alimwamkia kwa heshima, akamwita bibi, akamvutia kiti. Aliingiza namba ya kitambulisho cha taifa kwenye kompyuta, na picha ya mama ikatokea. Jina lake likatokea, na kijiji chetu, na mwaka aliozaliwa. Nikamkonyeza mama kumwonyesha kwamba nilikuwa sahihi. Kisha binti akamwomba aweke kidole.

Mashine ikawaka nyekundu. Kidole gumba hakikusoma, wala cha shahada, wala kingine chochote. Binti alikifuta kila kimoja kwa kitambaa, akavipaka mafuta kidogo, akavikandamiza yeye mwenyewe kwa mkono wake, akahamia mkono wa kushoto. Watu nyuma yetu walianza kuguna. Mama alitoa kidole baada ya kidole bila kuuliza lolote, na kila mashine ilipokataa aliomba radhi. Aliiomba radhi mashine.

"Vidole vya bibi havisomi," binti akaniambia.

Nilimuuliza kama picha iliyo mbele yake si ya huyu aliyekaa hapa. Akakubali kwamba ni yeye. Akasema yeye anamwona, tatizo ni mfumo ndio haumwoni. Mama angeweza kwenda ofisi ya vitambulisho akachukuliwe alama upya. Halafu akashusha sauti, kwa upole ambao ningeshukuru angeninyima, akauliza kama bibi hana mtoto wa kiume wa kufungua akaunti kwa jina la huyo mtoto, awe anamtolea.

Nilisema maneno mengi, mengine ningemchapa mwanafunzi kama angeyasema, na mlinzi akasogea. Mama akanishika kiwiko akanitoa nje. Nilimwona yule binti akifuta kioo cha mashine, na hata hilo lilinikasirisha.

Kwenye ofisi ya vitambulisho, mwanaume mmoja alikichukua kidole gumba cha mama, akakipapasa kwa chake, akatikisa kichwa. Alisema mistari imelika. Dawa yake ni mama apumzike wiki tatu nne, asishike udongo, apake mafuta asubuhi na jioni, kisha arudi wajaribu. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Vyungu hufinyangwa na kuchomwa kiangazi, mvua zikianza kazi hiyo hakuna tena mpaka mwaka mwingine. Kwa hiyo ili aweze kuhifadhi alichokipata kwa kufanya kazi, mama aliambiwa aache kazi. Yule mwanaume aliyasema hayo huku anakunywa chai, na sidhani kama alikisikia alichokisema.

Tulikaa kwenye benchi nje kusubiri bodaboda. Nilikuwa bado natukana benki, serikali na waliotengeneza ile mashine, mama akanikatiza.

"Labda ni mimi nimeharibu," alisema. "Jana nilivisugua na kile kijiwe."

Kijiwe hicho nakijua tangu utoto. Ni jiwe la mtoni, na ndilo analolainishia vyungu vikianza kukauka, analisugua juu ya udongo mpaka mistari yote ya vidole inapotea na chungu kinang'aa. Nikamuuliza kwa nini alifanya vile.

"Si ulisema ni watu wasafi."

Bodaboda zikaja, tukapanda. Hasira niliyokuwa nimeitawanya mji mzima ilikuwa imerudi kukaa na mimi, na sikuwa na pa kuipeleka. Vidole vilivyonisomesha mpaka chuo cha ualimu niliviona vichafu, na yeye, kwa kunitii, alikesha akivifuta.

Tulimkuta kaka ameshafika uani. Habari za Kiomboi zilikuwa zimetutangulia. Sikumwamkia, na kwetu kutomwamkia kaka mkubwa si jambo dogo, hata watoto wake walinitazama. Yeye alijifanya hajaona. Alimpa mama pole, akakaa, akasema kama angeambiwa mapema asingesumbuka hivyo. Kisha akatoa simu mfukoni akaiweka gotini.

"Lete mama, nikutunzie," alisema.

Nilifungua mdomo, mama akaninyooshea kiganja ninyamaze. Alimjibu kwamba atafikiria, akaenda kumsongea ugali. Usiku ule sikula, na nilikichukia hata kile chungu cha mboga kilichopita mbele yangu.

Asubuhi mama alikuwa amevaa kitenge kilekile. Alitoa chungu kwenye mtama, akazifunga hela kwenye kanga, akaelekea saccos bila kuniita. Nilimfuata na mkoba wangu. Mle ndani walikuwemo mwenyekiti na katibu wake. Katika kona ulisimama mtungi wa maji ambao mama aliwauzia zamani, na kikombe cha plastiki juu yake. Mama alilipa kiingilio, wakaijaza fomu, wakabandika picha. Katibu akamsogezea kidau cha wino. Mama akabonyeza kidole gumba kwenye fomu, na pakatokea doa jeusi, duara tupu, halina mstari hata mmoja.

Katibu akaliangalia, akasema fomu inataka alama isomeke. Nikajisikia nachemka upya.

Mwenyekiti akacheka, kicheko chake kilekile nisichokipenda. "Endelea kuandika," akamwambia katibu. "Huyu mama tunamjua."

Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliona uchungu, kwa sababu hayo ndiyo aliyoyasema mama tangu mwanzo, na mimi nilimtembeza kwenye aibu siku nzima ili nije kuyasikia kwa mtu mwingine. Wala ofisi ile haikuwa imebadilika kwa kuwa imetupokea. Kufuli lilikuwa moja vilevile. Basi nikauliza. Nilikuwa nimeshamwamkia mzee na ameitikia, lakini nikauliza funguo anakaa nazo nani na vitabu vinasomwa lini. Katibu akaacha kuandika. Mwenyekiti akaacha kucheka. Mama akainamia miguu yake kwa aibu niliyomtia.

Mzee akajibu, taratibu, kwamba vitabu vinasomwa kwenye mkutano mkuu, ila mwanachama ana haki ya kuja kuviona.

"Basi nitakuja kila mwezi," mama akasema bado ameinama. "Mtakuwa mnanisomea."

Hakuna aliyecheka. Katibu akagonga muhuri, akampa kitabu kidogo cha bluu chenye jina lake juu, yale majina yake matatu, bila la baba yetu wala la kaka. Mama alilipitishia jina lile kidole mara mbili, ingawa hasomi.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali na upepo unapeperusha makapi ya alizeti. Kitabu kile kingepotea, niliwaza, au kingeliwa na panya, au kaka angekikuta. Nikafungua mkoba wangu, nikanyoosha mkono.

"Lete mama, nikutunzie."

Nilikisikia nilichosema kikiwa kimeshatoka. Mama aliutazama mkono wangu, mkono msafi wa mwalimu, akautazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama kaka.

"Hapana," akasema. "Kitakaa kwangu."

Akakifunga kwenye ncha ya kanga akatangulia, maana alikuwa ameacha udongo umelowekwa na hakutaka ukauke. Nilibaki karibu na mashine ya alizeti, mkoba wazi. Nyumbani kwake kuna vyungu zaidi ya thelathini. Sijui alikificha kwenye kipi, na sijamuuliza.