Kikombe Ambacho Hakikuja

Nilipopangiwa kazi ya uuguzi Wete, mwishoni mwa miaka ya hamsini, nilipata chumba kwa mjane mmoja, mfuaji nguo wa hospitali. Alikuja Pemba kutoka bara akiwa msichana, pamoja na mumewe aliyechuma karafuu, akabaki. Siku ya kwanza aliniuliza, "Wewe ni wa misheni?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa wa misheni kweli, ila ya Waanglikana. Yeye alikuwa Mkatoliki, na niliona wazi kwamba alinidhania mwenzake. Chumba kilinipendeza, nikanyamaza.

Kila Jumapili tulikwenda misa pamoja. Wakati wa komunyo yeye alisogea mbele, mimi nikabaki benchini. Akiniuliza njiani, jibu langu lilikuwa moja: "Nimetia kitu mdomoni asubuhi, bibi." Wakatoliki hawakupokea bila kufunga, kwa hiyo jibu lilitosha. Wiki hii nilisema chai, wiki ile muhogo. Alinicheka, akasema wasichana wa siku hizi matumbo yao hayana subira.

Asubuhi ya Pasaka hakuwasha moto kabisa. "Leo huna udhuru, mwanangu," alisema, akanifunga kitambaa kichwani kwa mikono yake.

Tukapiga magoti bega kwa bega mbele ya altare. Padre alipofika kwangu nilikinga viganja, kama nilivyofundishwa kwetu. Akasita. Nikaona wenzangu wamefumba macho na kutoa ulimi, nami nikafanya hivyo hivyo, nikapewa hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo. Lau ningeinuka hapo, pengine nisingejulikana. Lakini kwetu mkate hufuatwa na kikombe, na kila mtu hunywa. Kwa mazoea nikabaki nimeinamisha kichwa. Wenzangu waliondoka, wakaja wengine, nao wakaondoka. Bibi akarudi kunigusa bega.

"Wasubiri nini?"

"Kikombe," nikanong'ona.

Akanishika mkono, akaniinua. Kwao divai aliinywa padre peke yake.

Tulirudi tukikanyaga matope ya masika. Jirani yetu Mwislamu alituita kutoka barazani, "Mwatoka kuswali?" Bibi akamwitikia vizuri, akamuulizia na hali ya wajukuu. Tulipoingia ndani ndipo alipoketi, viatu bado miguuni.

"Wewe si Mkatoliki."

"Ni Mwanglikana, bibi."

"Ungeniambia, ningekufukuza?"

"Niliogopa."

"Na mimi ndiye niliyekupeleka."

Jumapili iliyofuata hakwenda mbele. Wala iliyofuata hiyo. Alikaa benchini, rozari mkononi, wanawake wenzake wakimpita na kumgeukia. Alijihesabu mkosaji kwa kumfikisha kwenye komunyo mtu asiyeruhusiwa kupokea, na hakutaka kumweleza padre chanzo, maana ingembidi anitaje mimi.

Hospitalini tulikuwa na mfunga vidonda aliyetoka Chake Chake, Mkristo wa wale wanaojiita Marafiki. Hao hawana mkate wala divai. Hukaa kimya pamoja wakimngojea Mungu. Nilimsimulia nikitumaini ataniambia ni jambo dogo. Akaendelea kukunja bendeji.

"Kwetu hakuna cha kupokea," alisema. "Lakini dada, hapa sioni habari ya mkate. Naona umemdanganya mama wa watu, na sasa unamwacha abebe yeye."

Jioni ile nilikwenda kwa padre, nikamweleza kwamba bibi hakujua lolote. Nilitaka anikaripie. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema nisije tena mbele, nimsubiri kasisi wangu atakapovuka kutoka Unguja, na kwamba yeye mwenyewe atazungumza na bibi. Jumapili ile bibi akapokea. Mimi nilikaa nyuma, karibu na mlango, na sikuweza kumtazama akirudi.

Hakunifukuza. Aliendelea kuniwekea chakula na kuniita mwanangu. Kwa padre niliungama kila kitu, neno kwa neno. Kwake yeye nilisema tu, "Nisamehe, bibi," siku moja nikipeta mchele, nikiwa nimempa mgongo. Akajibu, "Haya," akatoka kwenda kuanua nguo.