Ombi la Fundi wa Mashine ya Kusaga

Kila mwezi fundi wa mashine ya kusaga alikuwa akija kutoka Ruangwa, kope zake zikiwa bado na unga, anakaa mbele ya taipureta yangu sokoni Nachingwea kama mtu aliyeitwa barazani. Barua ilikuwa ileile, ya kwenda Japani kwa kampuni ya gemu. "Yah: Ombi la kutengenezewa gemu mpya ya mpira kwenye mashine ya zamani." Mashine ya zamani ya gemu, alinieleza, ina mpini mmoja na kitufe kimoja, lakini hii mpya ya mwaka huu wa 2003 ina pedi ya kushika kwa mikono miwili, yenye vitufe kumi. Alitamka polepole, mkono wa kulia mfukoni, na hakukosa kutaka nakala iende kwa Mtendaji wa Kata. Mimi nilikuwa nauma midomo nisicheke.

Mara ya nne, wakati wa kusaini, kalamu ilimponyoka mkono wa kushoto, akautoa ule wa kulia haraka kuidaka. Ulikuwa na kidole gumba na kidole cha mwisho tu. Katikati palikuwa laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Nilishtuka hadi nikabonyeza herufi nisizozikusudia.

"Mkanda wa mashine ya kusaga," alisema, kama anayetaja siku ya gulio.

Nikavuta karatasi mpya, nikaweka vidole vyangu vyote kumi juu ya herufi. "Kaka, tungeanza na hili. Wangekuelewa mara moja."

"Usiliandike, dada. Andika kwamba mashine ya zamani bado nzima kabisa."