Kuku Tisa wa Darajani

Kuku wa kizungu hastahimili jua. Hilo hatukuambiwa na mtu. Wenye biashara walituletea vifaranga ndani ya makatoni, wakatuletea karatasi ya chakula, karatasi ya dawa na karatasi ya kilo, lakini habari ya jua haikuwemo katika karatasi yoyote.

Kazi yangu ilikuwa kuwafuata kuku kwa wafugaji na kuwafikisha kwenye nyumba moja ya kuku wa kukaanga, hapa Kasongo, upande wa soko. Mwenye nyumba alikuwa amekodi jina la kampuni ya kigeni. Jina lenyewe liko katika nchi nyingi, na kila lilipo kuna picha ileile ya kuku anayecheka, mafuta yaleyale, na mashine ileile ya kukaangia inayolia dakika zikitimia. Kwa sababu ya mashine hiyo, kuku wote walipaswa kuwa sawa. Kuku wetu wa kienyeji ana miguu mirefu na nyama ngumu. Mashine inalia na yeye bado ana damu kwenye mfupa. Kwa hiyo jina lilitaka kuku weupe, wa wiki sita, wa kilo mbili.

Msimamizi, ambaye sote tulimwita jeran, alikuwa kijana wa Bukavu mwenye simu mbili; mimi aliniita peti, yaani mdogo. Kila mzigo ulipofika aliupiga picha na kumpelekea mama mmoja wa mji mkubwa ambaye hatukumwona hata siku moja. Tulimjua kwa sauti tu. "Naona migongo. Sioni miguu. Pigeni tena." Tulikuwa tukiwapanga kuku upya, miguu mbele.

Wafugaji walitafutwa upande wa Kabambare kwa sababu huko mahindi ni mengi. Mimi ndiye niliyelitaja jina la mama mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye alinilea mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Alifurahi kupita kiasi. Aling'oa mabati ya jiko lake akaezeka banda la kuku, akawa anapika chini ya nailoni. Shamba la karanga alimwachia jirani msimu ule, kwa sababu kuku wa namna hiyo anakula mchana kutwa na anataka mtu wa kumtazama. Aliniambia, "Sasa miye naishi kwa kuku. Wakiniangusha, sina pengine."

Sharti lilikuwa moja, na nilimsomea mwenyewe. Safari moja ni kuku arobaini. Wakipotea zaidi ya watano, mfugaji anaondolewa kwenye orodha na nafasi yake anapewa anayefuata. Aliyefuata alikuwa jirani yake, yuleyule wa shamba la karanga.

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo halikutoka kwa jina bali kwa mji. Kasongo Waislamu ni wengi, na hawali nyama ambayo hawamjui mchinjaji wake. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na mzee wa kuchinja, tuliyemwita Mwalimu. Yeye ndiye aliyepatana na jeran kwamba kuku akizidiwa njiani, si lazima apotee. Nimtafute Muislamu yeyote katika kijiji kilicho karibu, amchinje kabla hajafa, nami nije na habari ya mtu huyo. Kuku huyo atahesabiwa kama mzima. Alinishika bega akasema, "Weye ni Mukristo, mwanangu, usichinje. Si kwa ubaya. Ita mutu tu. Njia yote hii iko na watu wetu."

Alisema kana kwamba kuita mtu ni jambo jepesi. Mimi toka utoto naona aibu ya kuita. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa akinisahau kwenye hesabu ya wanafunzi na mimi nakaa kimya nimeketi mbele yake.

Safari ninayoiandika ilikuwa ya tatu. Tulitoka kwa mama mkubwa alfajiri, kuku arobaini katika matenga manne, mawili kila upande wa pikipiki, na mimi nyuma ya motari, mwenye kuiendesha, nikiwa nimebanwa katikati. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipokaribia Lusangi tukakuta lori limevunja magogo ya daraja. Vijana wa pale walikuwa wakiweka magogo mapya, polepole, kwa sababu kadiri foleni inavyorefuka ndivyo zawadi ya kupita inavyoongezeka. Pikipiki zilikuwa kama kumi na tano mbele yetu.

Jua likatoka. Lilikuwa lile la baada ya mvua, linalochoma kutoka juu na kutoka chini. Kuku wakaanza kufungua midomo. Baadaye wakatandaza mabawa, na macho yao yakawa yanafumba na kufumbuka. Niliteka maji mtoni kwa kopo nikawamwagia. Yalikauka.

Motari alikuwa mtu wa kanisa la maombi. Alichungulia tenga akasema, "Hawa wanaenda. Ita mutu wako achinje." Akanyoosha mdomo kunionyesha. Hatua kumi kutoka kwetu, chini ya kibanda cha nailoni, mfanyabiashara mwenye kofia nyeupe alikuwa ameketi juu ya robota la vitenge, akiwasimulia watu habari za arusi moja ya Kasongo ambako bibi arusi alikosea gari. Pembeni yake mama mmoja alikuwa akichoma mihogo.

Nikaenda. Nikasimama nyuma ya watu, nikangoja amalize. Hadithi ilikuwa ndefu. Akivuta pumzi, nafungua kinywa, na mtu mwingine anauliza, "Na bwana arusi alisema nini?" Ndipo yule mama akaniona. "Kijana, unataka muhogo?" Sijui kwa nini nilijibu ndiyo. Nilirudi kwa motari na muhogo mkononi.

Akanitazama, akautazama muhogo. "Nimekutuma mutu, unaniletea muhogo?"

Nikaenda mara ya pili. Vijana wa magogo wakaanza. "Ule anasimamaka nyuma ya watu kama polisi!" "Hapana, polisi anaomba. Ule hata kuomba hajui." Watu wakacheka, na yule mwenye kofia akacheka pia, kisha akaendelea na hadithi yake. Nilirudi.

Kuku wa kwanza alikufa mikononi mwangu. Alikuwa wa moto kama sufuria. Katika tenga lilelile wengine walikuwa wameshalaza shingo. Nikamwambia motari, "Niitie weye."

"Mimi? Nikamuite Muislamu achinje kwa dua yake, nami ni shemasi?" Akatoa kisu chini ya kiti akanipa. "Chinja. Damu ni damu. Kasongo nani atajua?"

Nikachinja. Nilichinja tisa, mmoja baada ya mwingine, kwenye matope pembeni ya njia, mikono ikitetemeka. Waliobaki tuliwafunika kwa majani ya mgomba yaliyolowa na wakaponea hapo.

Ilikuwa harufu ya damu, au nzi, sijui, iliyomfanya yule mwenye kofia ageuke. Akainuka akaja.

"Kijana, hawa kuku wa nani?"

"Wa nyumba ya kukaanga."

"Ile ya Kasongo? Kule anachinja Mwalimu?"

"Ndiyo."

"Na weye ni Muislamu?"

Nikatikisa kichwa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kisu kidogo cha kukunja, akakifungua mbele ya macho yangu, kisha akakifunga. "Niko hapa toka asubuhi," akasema. "Toka asubuhi, mwanangu. Ulikuja mara mbili, nilikuona. Nilidhani unasikiliza hadithi."

Yule mama wa mihogo alipiga makofi. "Alikuja kununua muhogo!" Daraja zima likacheka, na tulipopita juu ya magogo mapya bado walikuwa wakiniitia, "Muhogo! Muhogo!"

Tulifika Kasongo alasiri. Jeran alikuwa mlangoni kwa sababu kulikuwa na chakula cha arusi cha kesho yake. Alipohesabu kuku tisa waliochinjwa alielewa mara moja. Hakuniuliza kitu. Aliwapanga juu ya meza, na Mwalimu alipokuja kunawa mikono akamwambia kwa furaha, "Tisa walichinjwa darajani, Mwalimu. Mutu wenu mmoja alisaidia. Si ndiyo, peti?"

Kama ningesema ndiyo, aliyepotea angekuwa mmoja, na mama mkubwa angebaki kwenye orodha. Hilo nilijua vizuri. Jeran alijua kwamba najua, alikuwa akinikonyeza.

Mwalimu aliinua kuku mmoja, akatazama shingo. "Sikukuuliza weye, shefu." Akanigeukia. "Nani alichinja?"

Nikatazama zile shingo mezani.

"Ni mutu gani? Wa kijiji gani? Mrefu, mfupi?"

Watu wanaosikia habari hii hudhani nilisema ukweli kwa sababu ya moyo mzuri. Sivyo. Uongo ule ulihitaji maneno mengi: mtu, sura yake, baba yake, alichosema. Ukweli ulihitaji neno moja, na hata hilo lilinishinda. Nilijigusa kifua.

Mwalimu alimrudisha kuku mezani taratibu, akanawa mikono mara ya pili. "Nyama hii ikiingia kwenye mafuta," akamwambia jeran, "Ijumaa nitasema msikitini." Kisha akaniangalia kama mtu asiyenijua.

Jeran aliamuru kuku wote kumi wapelekewe mbwa wa mlinzi. Kisha akanikalisha kwenye meza ya wateja, akanipa karatasi na kalamu. "Barua ya kumuondoa mama yako utaandika weye. Mimi niko na kazi." Akawa anatamka akitembea. Mimi naandika polepole, herufi moja moja, na wafanyakazi wote walikuja kusimama nyuma yangu. Dada wa kupokea oda alisema, "Kuku waliobaki watazeeka kabla hajafika kwenye nukta." Jeran aliposoma nilichoandika alicheka, akatia muhuri. "Kazi yako unabaki nayo, peti. Kwa mutu wa kufuata kuku angalau tunajua: weye huwezi kusema uongo. Huna kinywa cha kusemea."

Siku ya nne nilifika kwa mama mkubwa na barua. Yeye hakusoma shule, kwa hiyo nilimsomea, chini ya ile nailoni, moshi ukinichoma macho.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Akaniuliza ilikuwaje, nami nikaeleza, kwa shida, toka darajani mpaka mezani. Alisikiliza mpaka mwisho akikoroga ugali.

"Kwa hiyo darajani, mahali pa kusema, ulinyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Na kwa Mwalimu, mahali pa kunyamaza, ukasema."

"Sikusema. Nilionyesha tu."

"Ulionyesha." Akawapakulia ugali watoto wa pale nyumbani, akatia kwenye sahani zao tu. "Mutoto nimekulea miaka yote hii, nikidhani una aibu. Kumbe unachagua."

Nilitaka kumwambia kwamba sichagui. Nilikuwa bado natafuta namna ya kuanza alipoingia ndani na kufunga mlango.

Bandani alikuwa na kundi jingine, kuku thelathini na nane wa wiki nne. Barua haikuwataja. Nilimuuliza jeran, naye akasema aliyeondolewa ameondolewa pamoja na kuku wake. Kijijini hakuna aliyewataka kwa bei ya chakula walichokula. Watu walisema nyama yao ni kama pamba. Mama mkubwa aliendelea kuwalisha mahindi, kwa sababu hakuwa na moyo wa kuwaona wanalia njaa, na kwa sababu, nadhani, alingoja jina libadilishe mawazo.

Jirani akapewa vifaranga. Wiki zilipotimia nilitumwa kuwafuata kuku wake, na njia ya kwenda kwake inapita katika ua wa mama mkubwa. Hapo nikawaona. Kuku wa namna ile hawakuumbwa kuzidi wiki zao. Walikuwa wamenenepa hadi miguu ikawashinda, wameketi kwenye matope ya banda na vifua vimechubuka, wanajikokota kwa mabawa kuelekea chakula. Wengine hawakujikokota tena.

Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Alikuwa na kisu. Nilisalimia, hakuitika. Alinipa kile kisu kwa upande wa mpini.

"Hapa hatuna Mwalimu," akasema. "Chinja."

Yeye aliwashika miguu, mimi nikakata. Watoto walikaa juu ya ukuta wakihesabu kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kibangubangu. Katikati mikono yangu iliacha kutetemeka. Mama mkubwa aliliona hilo.

"Sasa uko hodari," akasema. "Kuku wa mutu akiwa wa bure, mkono unakuwa mwepesi."

Jirani alikuja kuchungulia juu ya ukuta, akaniuliza kama tutachelewa, kwa sababu jua linapanda. Nikamwambia bado kumi na mmoja. Mama mkubwa akainama, akanipa mwingine.