Siku Kasiksi Iliiva Muzuri

Miaka ile ya kwanza baada ya uhuru, kazi yangu pale Kingi ilikuwa kutia dawa mu maji. Tulikuwa na tanki moja ya simenti juu ya mulima, na bomba iliyoshuka mpaka robine, mufereji wa maji wa soko. Kila asubuhi nilipanda na chupa ya javele, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe inayoua pia vidudu vya maji, nikapima kwa kifuniko, nikamimina. Mwaka uliotangulia kuhara damu ilitupokonya watoto, mumoja wao wa kwangu. Tulibaki na mwingine, musichana, ameanza kutembea. Sikufanya muchezo na ile kazi.

Lakini aksanti sikupata. Kulikuwa Mama mumoja, fundi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Maji yangu ilimuchelewesha: kasiksi haikuiva upesi, na ilinuka dawa.

«Wewe Papa, unasafisha maji ao unafulia mashati mule?» alinipigia kelele mbele ya watu.

«Pombe yako ikilia, ndipo watoto wetu wanacheka!» nilimujibu, maana hata mie mudomo haukunilala. Tulishambuliana hivyo kila siku ya soko, na watu walikuja mapema kutusikiliza.

Basi siku moja ya soko akaniita kwa sauti tamu, akanijazia kibuyu.

«Kunywa, kaka. Wiki hii imeiva siku mbili tu. Umeanza kupata akili!»

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikakunywa. Eh, ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Nikaomba tena, ndipo nikarudisha kibuyu. Kama kasiksi imeiva vile, dawa yangu iko wapi?

Nilikimbia nyumbani. Javele niliiweka mu chupa nyeupe ya kioo, pa dirisha, wageni waone kazi ya mwenye nyumba. Kumbe jua ilikuwa inaipiga kutwa na kuiua nguvu. Nikafungua, nikanusa: hakuna kitu. Wiki nzima nilimimina maji ndani ya maji, na mutoto wangu alikuwa anakunywa ile. Eh Mungu wangu! Nilisikia haya na woga pamoja.

Nikarudi mbio, nikafunga robine, nikasema yote mbele ya soko: dawa ilikufa, kosa ni langu. Nilingojea matusi ya yule Mama. Yeye akamwaga kasiksi iliyobaki, akateleka sufuria zake kubwa juu ya moto.

«Munaangalia nini? Leteni kuni, tuchemshe maji!»

Kesho yake nilishuka dispanseri, wakanipa javele mupya mu chupa nyeusi. Niliificha ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Wiki ile nilimuangalia mutoto kila akienda chooni, mpaka muke wangu akanichoka.

Siku ya soko Mama alionja kasiksi yake, akatema mate.

«Mubaya! Inanuka dawa! Wewe Papa, utaniua na njaa!»

Nilimukumbatia mbele ya bwana yake, kisha nikaenda nyumbani kumupa mutoto maji.