Ugoro wa Marehemu

Julai 2021 nilimpoteza mume wangu, hapa kijijini Qurus. Maisha yetu yote nilimkataza ugoro, maana mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani. Asubuhi ya maziko nilikuta kikopo chake chini ya mto. Nikavuta kidogo ili nipate harufu yake, kikopo nikakifunga kwenye kanga.

Nilipotoka nje kwa waombolezaji nikapiga chafya. Nikapiga tena. Kamasi zikanitoka, watu wakasogeza viti.

“Korona hiyo,” akasema shemeji. “Shemeji yangu, kaburini hufiki mpaka upimwe.”

Nikaona afadhali ugonjwa kuliko aibu ya ugoro. Wakanifungia stoo ya mahindi, wakamwita nesi wa zahanati. Kama ningekutwa na korona, mume wangu angezikwa bila mimi.

Nesi akaniingiza kijiti puani, mama mkwe akichungulia mlangoni. Kikatoka cha kahawia. Nesi akakigeuzageuza kwenye mwanga.

“Mama, korona haina rangi hii. Huu ni ugoro.”

Mama mkwe, mzee wa kanisa, akaingia, akafunga mlango, akakinga kiganja.

“Ni wa mwanangu? Nipe na mimi.”

Tulifika kaburini tumeshikana mikono, sote wawili tukipiga chafya.